Mwamshuhudiaje Mfalme?

Tulimkata Mfalme kichwa siku ya kwanza, na kesho yake ikawa siku ya kwanza tena.

Ninaposema tulimkata, nasema kwa adabu tu. Mkono uliokata ulikuwa mmoja, wa mdogo wangu Shaweji, na upanga ulikuwa wa marehemu baba yetu, aliyekuwa mchinjaji mkuu wa mji. Sisi wengine tulitazama. Tulisimama kwenye mashamba ya chumvi, weupe unatuchoma macho, tukingoja kuona damu ya Mfalme ina rangi gani, na tulipoona ni nyekundu wapo waliovunjika moyo wakarudi nyumbani mapema. Mji wenyewe haukuwa na jina. Zamani uliitwa kwa jina la Mfalme, na jina hilo lilipopigwa marufuku mji nao ukabaki hivyo hivyo, mji tu. Mgeni akiuliza amefika wapi, tunamwambia amefika.

Asubuhi ile ile Baraza la Ukombozi lilichoma kalenda zote, kwa kuwa zilihesabu miaka tangu Mfalme azaliwe. Likatangaza hesabu mpya inayoanzia kifo chake. Wazo zuri, sikatai, nami ndiye niliyeliandikia tangazo. Tatizo ni kwamba siku haiwezi kuitwa ya pili wakati maiti wa siku ya kwanza bado yuko juu ya ardhi. Kwa hiyo kila kulipokucha Mnadi wa mji alipita na pembe yake akitangaza, "Leo ni siku ya kwanza," na jua likapanda kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Mtama shambani ulisimama palepale. Aliyekuwa akiumwa jino siku ya kwanza aliendelea kuumwa jino siku ya kwanza. Wajawazito walikaa na matumbo yao, watoto wamegoma kutoka, maana nani atoke aingie katika siku isiyo na kesho? Tulizoea. Binadamu huzoea lolote, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote ninayolijua juu yake.

Kwa nini tusimzike? Kwa sababu ya desturi, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana roho ya mdogo wangu imening'inia katika maneno haya machache. Kwetu haingii mtu ardhini mpaka watu waulizwe mbele ya kaburi: "Mwamshuhudiaje huyu?" Nao hujibu: "Mwema." Hujibu hivyo kwa kila maiti. Tulimjibia hivyo mwizi wa mbuzi, tukamjibia hivyo mama aliyemtilia mkwewe sumu kwenye uji. Haikuwa uongo. Ilikuwa heshima, sawa na kumfunga maiti kidevu ili mdomo usibaki wazi. Hajapata kuulizwa mtu akajibu neno jingine, na neno hilo jingine lilikuwa halijazoea midomo yetu.

Desturi ilikuwa na upande wa pili, uliokuwa umelala tangu enzi za mababu. Aliyemuua mwema huzikwa naye, yu hai, ubavu kwa ubavu. Aliyemuua mwovu huvishwa kilemba. Na sauti moja ya "mwema" inatosha, alimradi mwenye sauti asimame aonekane uso, kwani wahenga waliogopa kumdhulumu mwema kuliko walivyoogopa kumwachia mwovu. Wala desturi haikuwa na neno juu ya aliyeagiza. Ilikuwa na neno juu ya mkono tu. Ndiyo maana mji wetu siku zote ulikuwa na wauaji wachache na sumu nyingi.

*

Bwana Kingwande aliniita kasri. Yeye ndiye mkubwa wa Baraza. Kabla ya hapo alikuwa mwonja chakula wa Mfalme. Kwa miaka yote ya ufalme alikula kila sahani kabla ya mwenyewe, akangojwa kama atakufa, hakufa, na nadhani ni katika kungojwa huko ndiko alikopatia falsafa yake. Alinikuta, au nilimkuta, ameketi kwenye kigoda chake kile kile cha zamani. Kiti cha enzi kilikuwa nyuma yake, kitupu, na sahani ya wali juu yake.

"Ulimsifu Mfalme vizuri sana," akaniambia. "Mimi nilikuwa nalia nikisikia tenzi zako."

"Nashukuru, bwana."

"Usinishukuru. Sasa mchafue."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mji mzima useme mwovu. Mdomo mmoja ukisimama ukasema mwema, mdogo wako atalala na Mfalme. Mimi sina ubaya na Shaweji, kijana mzuri, mkono wake hauna mchezo. Lakini desturi ni desturi. Tukianza kuvunja na desturi, watu watasema sisi ni wahuni."

"Kwa haki, desturi hiyo hiyo ingewahusu na ninyi mlioagiza."

"Ingewahusu," akasema, akachota tonge la wali, akalitazama, akalirudisha. "Wahenga hawakufikiri. Nenda kaandike."

Nilitoka nikiwa na karatasi, wino na gundi ya kubandikia ukutani. Msinionee huruma. Mwandishi wa sifa na mwandishi wa matusi ni mtu mmoja aliyegeuka upande wa kulalia. Niliogopa kwa ajili ya Shaweji, nampenda yule mtoto, nilimbeba mgongoni mama alipofariki. Hata hivyo, nilipokuwa nikichovya kalamu kwa mara ya kwanza, nilihisi ile furaha ya zamani ikinipanda mkononi, na furaha haikuuliza kalamu inaelekea wapi.

*

Mwanzo nilishindwa vibaya. Niliandika kwamba Mfalme alioga katika machozi ya mayatima. Niliandika kwamba alikuwa na chumba cha ulimi, ambamo alitundika ndimi za waliomjibu. Niliandika kwamba aliwahi kuamuru mvua ichapwe viboko, na mvua ikachapwa, ndiyo maana ikatususa. Mnadi aliyasoma sokoni kwa sauti yake nzuri. Watu walisimama, wakasikiliza mpaka mwisho, wakatikisa vichwa. Nikadhani ni kwa uchungu.

Bi Sikudhani, muuza maandazi, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, alibandua karatasi moja ukutani akafungia maandazi yake mbele yangu bila hata kuona haya.

"Umeandika vizuri, mwanangu," akasema. "Ila mfalme gani asiyekula watu? Huo ndio ufalme wenyewe. Asiyekula watu ni shemeji yangu, na nani anamwita mfalme?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema kwamba alikuwa hajui habari ya kuchapa mvua, na kwamba, kusema kweli, lilikuwa jambo la kiume. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeongeza heshima ya Mfalme kuliko nilivyoiongeza kwa tenzi zangu zote. Hapo nilielewa kwamba ukatili wa mkubwa ni mkubwa sana kwa macho ya mdogo. Hawezi kuuchukia, anaweza tu kuutazama kama anavyotazama mlima. Mtu huchukia kile kinachomtosha. Tunamchukia jirani.

Mtu akifa, maovu yake huenda wapi? Swali hilo lilinikalia kifuani siku hizo zote ambazo zilikuwa siku moja. Mwili tunaujua: unakwenda kwenye udongo. Mali inakwenda kwa warithi, na jina linakwenda kwa wajukuu mpaka lichakae. Lakini maovu je, yale yenyewe, kofi lililopigwa, uongo uliosemwa, mlango uliofungwa mtu akiwa nje? Hayazikwi, maana hayana mwili. Hayarithiwi, maana hakuna anayekuja kuyadai. Nadhani yanabaki hewani yanatafuta mwenyewe, na anayepita karibu anasikia tu uzito usio na sababu, anasema, leo nimechoka, sijui nina nini. Basi nikajiuliza: itakuwaje pakitokea maiti mmoja mkubwa, mpana, aliye wazi, asiye na wa kumtetea, na mtu akayaita maovu yote ya mji kwa majina yake akayaambia, huyu hapa mwenyewe, ingieni?

Sikulitunga jibu mimi. Nililetewa na Bi Sikudhani.

*

Alikuja mchana, jua limesimama, akaketi uani kwangu akavua viatu. Shaweji alikuwa pale kivulini akinoa upanga wa baba, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Bi Sikudhani hakumwangalia. Watu walikuwa wameacha kumwangalia Shaweji. Walimpita wakitazama ukuta.

"Mwandishi," akasema, "binti yangu tumbo limesimama. Mtoto hatoki. Siku ya pili itakuja lini?"

"Tukimzika Mfalme."

"Na Mfalme atazikwa tukisema mwovu."

"Ndiyo, mama."

Akavuta kanga yake akafuta shingo. "Unamkumbuka Mzee Ndaro, mfuma mikeka, jirani yangu? Alichukuliwa na askari, akafia kwenye mashimo ya chumvi."

"Namkumbuka."

"Mimi ndiye niliyemsema. Tuligombana kwa ajili ya kisima. Nikaenda nikawaambia askari kwamba anamtukana Mfalme. Hakumtukana. Hakuwa na habari naye." Aliyasema haya kwa sauti ile ile ya kuuzia maandazi. "Sasa andika kwamba Mfalme ndiye aliyenitia maneno yale mdomoni. Andika alitutia sote. Maana kweli, asingekuwepo Mfalme, ningekwenda kumsema Mzee Ndaro kwa nani?"

Niliandika. Siku ya kwanza iliyofuata Mnadi alisoma sokoni kwamba Mfalme aliingia usiku katika vinywa vya wanawake waaminifu akasema kwa ndimi zao. Nilikuwa namtazama Bi Sikudhani. Uso wake ulilegea, ukarudi ujana, nikaona alivyokuwa msichana kabla ya kisima na kabla ya Ndaro. Akanunua nyama. Nasikia alilala mchana kutwa.

Kesho yake walikuwa wamejipanga mpaka barabarani.

Sijapata kuandika kwa raha namna ile. Walikuja na vikapu vya mayai, walikuja na watoto mgongoni, wakisukumana kidogo na kuombana radhi. Hakuna aliyelia. Mtu anapoungama kwa Mungu hulia, kwa kuwa anajua atarudi na dhambi yake nyumbani ikiwa imesamehewa tu. Hawa walikuwa wanaiacha kwangu moja kwa moja.

*Aliyehamisha jiwe la mpaka wa shamba: Mfalme.*

*Aliyetia maji kwenye maziwa, mpaka mtoto wa fundi akafa kwa kukonda: Mfalme.*

*Aliyempiga mkewe hadi sikio moja likaziba: Mfalme, kwa mkono wa mume, mume akiwa hana habari.*

*Aliyesikia kilio nyumba ya pili akapandisha wimbo: Mfalme, Mfalme.*

Na mji ukaanza kupendeza. Watu walisalimiana kwa mapenzi. Wanaume waliokuwa hawasemezani walikaa baraza moja wakicheza bao, maana yule aliyeiba ng'ombe hakuwa ameiba na aliyeibiwa alijua sasa nani wa kumlaumu. Na chuki ikaja yenyewe bila kuitwa. Sasa walimchukia Mfalme kwa dhati, kwa jino, kwa sababu kila mmoja alimjua kwa ndani kabisa. Walimjua kama wanavyojua viganja vyao.

Nilikwenda kukitazama kichwa. Kilikuwa kimewekwa kwenye sanduku la chumvi, kasri, chini ya ulinzi, ili kisioze kabla ya kuulizwa. Mlinzi aliniambia kwamba sanduku limebidi libadilishwe. La kwanza lilikuwa limepasuka pembe. Nilidhani anatania. Akafunua. Kichwa kilikuwa kimekua. Kilikuwa na ukubwa wa tanuri la kuokea mikate, na chumvi imeshika kwenye nyusi, na uso haukuwa tena uso wa Mfalme niliyemsifu. Mdomo ulikuwa wa Bi Sikudhani. Shavu moja lilikuwa la yule mume, nililitambua kwa kovu. Paji lilikuwa la watu wengi kwa pamoja, limekunjamana kama kitambaa kilichokaliwa. Nikatafuta macho. Macho yalikuwa yangu. Yalinitazama kwa ule utulivu ninaokuwa nao ninapotafuta neno, nami nikaona haya, nikamwambia mlinzi afunike.

*

Jioni za siku ya kwanza nilikula na Shaweji. Alipika yeye, mimi mikono ilikuwa na wino. Ni mtu wa maneno machache, mkubwa wa mabega, anayechinja kuku kwa kumziba macho kwanza kwa kiganja.

"Kaka," akaniambia, "unajua baba alitufundisha mnyama asikuone ukinoa. Nami nilimficha Mfalme upanga nyuma ya mgongo. Akacheka. Akasema, kijana, nimekuja kwa ajili ya hicho hicho, kilete. Halafu akaniuliza: umekula?"

"Nani alikuuliza?"

"Mfalme. Nikamwambia sijala. Sikuweza kula asubuhi ile. Akasema, basi kaza mkono, maana mkono wa njaa hurudia. Akainama, akajitoa kola mwenyewe."

"Ukarudia?"

"Sikurudia." Akatabasamu kidogo, kwa aibu, kama mtu anayesifiwa. "Ilikuwa moja tu. Baba angefurahi."

Nilimsihi asimwambie mtu habari hiyo. Umekula. Neno dogo la kila siku, la kila mlango, na lingeweza kuubomoa mji wangu wote wa karatasi, maana hakuna anayeweza kumwita mwovu mtu aliyeuliza hivyo. Shaweji akaniahidi. Akaosha vyombo. Nikamtazama mgongo wake ulioinama juu ya beseni, nikashikwa na hofu kubwa kuliko zote. Nilijua midomo ya mji ni yangu sasa. Lakini desturi inahitaji mdomo mmoja tu, na kichaa mmoja, mlevi mmoja, mtoto mmoja wa Ndaro mwenye kumbukumbu ndefu angetosha kumlaza mdogo wangu chini ya udongo akiwa anapumua.

Ndipo nilipoandika karatasi yangu bora kuliko zote. Niliandika kwamba Mfalme, baada ya kuyatenda yote mengine, aliutenda na uovu wa mwisho: alijiua. Alijitoa nguo shingoni, akainama mwenyewe, akauingia mkono wa mchinjaji kama alivyozoea kuingia katika vinywa na mikono ya watu. Hapakuwa na muuaji. Palikuwa na upanga, na mkono uliokuwa sehemu ya upanga. Nilifurahi mno nilipomaliza. Hata akisimama mtu akasema mwema, hayupo wa kuzikwa naye. Nilikuwa nimemfungia mdogo wangu milango yote ya kifo, mmoja baada ya mwingine, na karatasi nikaibandika kwenye ukuta wa soko kwa mikono yangu mwenyewe.

Shaweji husoma polepole, kwa kidole. Nilimwona kwa mbali amesimama pale ukutani, watu wanampita, na kwa mara ya kwanza wanampita wakimtazama, wanamsalimia, kwa kuwa sasa hakuwa amefanya kitu. Alikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikamfunika.

Aliporudi hakupika.

"Kaka, nani alimkata Mfalme?"

"Shaweji, nimekuokoa."

"Sikuulizi hilo."

"Imeandikwa alijiua. Watu wote wameamini. Hata Bwana Kingwande ameniletea kitambaa cha kunipongeza."

Akaketi. Akaiweka mikono yake mapajani akaitazama. "Wewe una tenzi," akasema. "Baba alikuwa na jina lake machinjioni. Mimi nimekaa mji huu nikichinja kuku za watu, hakuna anayekumbuka nilichinja ipi. Jambo moja tu nimelitenda mimi. Liwe baya, liwe zuri, sijui, silali, kila nikifumba macho namwona anavyojitoa kola. Lakini ni langu. Wote wamekuja kwako wakaacha vyao. Mimi sikuja. Mbona umechukua changu?"

Nilimwambia maneno mengi. Nilikuwa hodari wa maneno mji mzima. Akasikiliza kwa adabu, maana mimi ni mkubwa wake, na nilipomaliza akasema amenielewa, akaenda kunoa.

*

Kaburi lilichimbwa kwenye mashamba ya chumvi, pana, kwa sababu ya kichwa. Kililetwa juu ya mkokoteni, na ng'ombe waliuvuta kwa taabu. Mji ulikuja wote. Wajawazito waliketi mbele kwenye mikeka, binti wa Bi Sikudhani miongoni mwao, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Bwana Kingwande alikuja na kilemba kipya mkononi, cha kumvisha Shaweji hata kama karatasi ilisema hakuua. Kwetu kila mtu hutupa konzi ya udongo kaburini, kwa hiyo kila mmoja alikuwa ameshachota yake, ameikumbatia kifuani, anangoja.

Mnadi akapiga pembe. Ni mtu wa taratibu, asiye na rafiki. Nadhani hata ndotoni huwa anatangaza.

"Mwamshuhudiaje huyu?"

"Mwovu."

Sijui nieleze vipi neno lile lilivyotoka. Halikuwa na hasira. Lilikuwa na raha, lilikuwa pumzi iliyobanwa tangu utotoni, na baada yake tulitazamana kwa haya na furaha kama watu waliofumaniana wakila. Nikaona jua limesogea. Naapa lilisogea, kivuli cha mkokoteni kikaanza kurefuka, na binti wa Bi Sikudhani akaguna, akasema mtoto amegeuka.

"Mwema."

Alikuwa amesimama karibu na mkokoteni, uso wazi, upanga wa baba umelala kwenye kiganja chake.

Bwana Kingwande akateremsha kilemba. Mnadi akauliza nani amesema, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa kuulizwa.

"Mimi Shaweji, mtoto wa mchinjaji. Mtu huyu aliniuliza kama nimekula. Nami nilimkata, mara moja, kwa mkono huu."

Nikapaza sauti. Nikasema Mfalme alijiua, imeandikwa, ipo ukutani, mkaisome. Mnadi akanijibu kwamba karatasi haina uso. Aliyesimama na uso wake akasema nimeua, hapingwi. Nilitazama watu nipate mmoja wa kunisaidia. Walikuwa wanatazama jua, kama litarudi nyuma.

Kichwa kikateremshwa shimoni, na Shaweji akashuka mwenyewe. Aliusukuma upanga pembeni, akalala ubavuni mwa kile kichwa kikubwa, na palikuwa na nafasi ya kutosha, kana kwamba mchimbaji alijua. Watu wakasogea na udongo wao.

"Ngojeni," akasema Mnadi. "Haingii mtu ardhini bila kuulizwa. Mwamshuhudiaje na huyu?"

Hapo ndipo walipoona. Niliiona hofu ikiwapitia usoni mmoja mmoja. Shaweji akishuhudiwa mwema, basi atakuwa amezikwa mwema, na kila mkono wenye udongo ni mkono ulioua, na mji mzima unamfuata shimoni. Akishuhudiwa mwovu, kesho ni siku ya pili. Lakini hakuna aliyethubutu kuanza. Walikuwa hawana la kumsema. Hakuwa amewahi kumkosea mtu pale. Wakanigeukia mimi, kwa upole, kama wanavyonigeukia siku zote neno linapokosekana. Binti wa Bi Sikudhani alikuwa analia kwa uchungu wa kuzaa. Udongo ulikuwa unanivuja baina ya vidole.

Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu. Ulikuwa neno moja, jepesi, ambalo nimelijibu makaburini tangu nikiwa mtoto. Nisingehitaji hata kulitunga.

"Mwovu," nikasema, kwa sauti nzuri, mpaka wa nyuma wakasikia.

"Mwovu," ukasema mji.

Chini, Shaweji alikuwa ananitazama. Hakukasirika. "Kaka," akaniuliza, "umekula?"

Nikamwambia sijala. Nikatupa konzi yangu, ikaenda pembeni, ikamwagika juu ya chumvi. Ikabidi nichote tena.

*

Kulipokucha Mnadi alipita na pembe yake akitangaza siku ya pili, na watu wakatoka nje kuitazama. Ilikuwa siku ya kawaida, ya mawingu kidogo. Mtama ulikuwa umeanza kutikisika. Bi Sikudhani akaja uani kwangu, amepata mjukuu wa kiume, uso wake umevimba kwa kukosa usingizi. Nyuma yake barabarani walikuwa wamejipanga wengine, mikono yao ingali na udongo kwenye kucha.

Akaweka mbele yangu maandazi, ya moto, na chai.

"Kula kwanza, mwanangu," akasema. "Halafu utuandikie kwamba alijifukia mwenyewe."

Nikala, nikajifuta mikono, nikachukua kalamu. Niliandika mpaka mchana. Mkono haukurudia hata mstari mmoja.